Sinema Tuliyoambiwa Hatutaielewa

Ubishi wa tamthilia umepamba moto katika baraza za Malindi. Vijana wanasifu picha safi za runinga ya leo. Wazee wanasema sinema za zamani ndizo zilizokuwa na kisa. Mimi niko na wazee, na historia iko nao pia.

Kuanzia mwaka 1935, Meja L. A. Notcutt aliongoza kule Vugiri, Usambara, mradi wa sinema za mafunzo kwa Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Kufikia 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya na Uganda. Zilifundisha kilimo, afya, hata kuweka akiba posta. Sauti ilitoka kwenye santuri.

Kisha akaja William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Akiongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata sinema ya kawaida. Picha zisibadilike upesi, hila za kamera ziachwe, kila jambo lioneshwe hatua kwa hatua. Kwa miaka mingi filamu tulizotengenezewa zilifuata amri hiyo.

Waswahili walikwisha kumjibu kwa kukata tiketi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake *Reel Pleasures* cha 2018, anaeleza jinsi kumbi za Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam zilivyofurika watu waliofuata filamu za Kihindi bila kujua Kihindi. *Awara* ya Raj Kapoor, ya 1951, ina kisa cha jaji aliyemfukuza mkewe, na cha mtoto wao aliyekua mhalifu, na inarudi nyuma na kwenda mbele katika wakati. Hakuna aliyepotea njia. Watu walijadili haki ya baba na kosa la mtoto hadi nyumbani. Wanawake wa Zanzibar walikuwa na maonesho yao wenyewe, ya zanana. Mahadhi ya filamu hizo yakaingia katika taarabu. Huku kwetu mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alivuma nayo Pwani nzima.

Sidharau runinga, iliyoanza Kenya mwaka 1962. Mitambo ya analojia ilizimwa 2015, na tamthilia kama *Maria* na *Sultana* zimewapa waigizaji wetu kazi, jambo la kujivunia.

Lakini tamthilia nyingi za sasa zinatudharau kama Sellers. Siri iliyofichuka Jumatatu inaelezwa tena Jumanne na Jumatano; muziki unatuambia lini tulie. Picha imeng'aa, kisa kimepwaya. Babu zetu waliofuata *Awara* wasingevumilia.

Wazee hao wanapungua. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopo hapa Kilifi, kiwatume wanafunzi Malindi, Mambrui na Takaungu wakarekodi kumbukumbu zao za sinema sasa hivi.