Cheti cha Mzamiaji na Wana wa Milimani

Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kutoka Kasese na Bwera hadi Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, historia ya kuzamia inamhusu mwana wa Rwenzori kuliko anavyodhani.

Mnamo mwaka 1878, mwanasayansi Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo cha maradhi ya wazamiaji. Kilindini, mgandamizo hulazimisha naitrojeni iliyomo katika hewa iyeyuke mwilini. Mtu akipanda kwa ghafla, naitrojeni hiyo hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa kwa haraka. Mapovu hayo huumiza viungo, hupoozesha, na huweza kuua.

Juni 1906, Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia alifika Margherita, kilele cha Rwenzori chenye urefu wa mita 5,109. Miaka hiyohiyo, John Scott Haldane wa Uingereza alikuwa akichunguza mapovu hayo kwa kutumia mbuzi. Agosti 1906, wanamaji Damant na Catto walizijaribu kanuni zake huko Scotland, wakashuka takriban mita 64 na kurejea salama. Majedwali yake yalichapishwa mwaka 1908, nayo yalimwagiza mzamiaji apande kwa vituo.

Zama hizo mzamiaji alipelekewa hewa kwa mpira kutoka chomboni, na wenzake wa juu walimwangalia. Mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walibuni kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi mgongoni. Mzamiaji akawa huru, lakini uhuru huo ulikuja na wajibu: kanuni zilizoshikwa na wasimamizi wa chomboni sasa zilipaswa kukaa kichwani mwake mwenyewe. Ndiyo maana vyama vya wazamiaji vilianza kufundisha na kutoa vyeti.

Leo anayeanza hujifunza nadharia, hufanya mazoezi katika maji tulivu, kisha huzamia mara nne katika maji ya wazi, asipite mita 18. Nadharia aweza kuisoma akiwa nyumbani Kasese kabla ya likizo, ili siku zake za Zanzibar au Mombasa zisimalizikie vitabuni.

Kanuni moja imgusayo zaidi mtu wa milimani ni ya kurudi nyumbani. Baada ya kuzamia kwa siku kadhaa, hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Basi linalovuka nyanda za juu za Kenya nalo lataka tahadhari hiyo, kwa kuwa huko juu mgandamizo wa hewa hupungua na mapovu huweza kuzuka.

Mwanafunzi mpendwa, wazamiaji huzamia wawili wawili. Kwa hiyo cheti si pambo la ukutani. Ni ahadi kwa mwenzako kwamba unazijua kanuni, na kwamba utazitii hata pale asipokuwapo wa kukusimamia.