UZI: Rejista ya maeneo ya mababu, nani aruhusiwe kuiona?

Kila mjadala wa ardhi hapa mtandaoni lazima mtu aseme: "Wekeni rekodi zote wazi, tujue tunajenga wapi." Inasikika poa. Hebu twende Australia kidogo, wamebishana kuhusu hili miaka mingi.

Majimbo ya huko yana rejista za turathi za Waaborijini: makaburi, mapango, michoro ya kwenye miamba. Mkulima anataka kujua kama shamba lake limo, na ni haki yake, maana akiharibu anaweza kushtakiwa. Shida ni kwamba ramani inayomwonyesha mkulima pa kuepuka inamwonyesha mwizi pa kuchimba. (Waulize Wamijikenda, vigango vyao viliibiwa vikaishia makumbusho ya Marekani.) Ndiyo maana Victoria, chini ya sheria ya 2006, rejista haiko wazi kwa kila mtu. Mwenye shamba anaomba habari za kipande chake, umma unaona tu ramani ya maeneo nyeti kwa ujumla.

Sawa. Lakini tuseme rekodi umeipata. Halafu?

Juukan Gorge, Western Australia. Watu walianza kutumia pango moja hapo zaidi ya miaka 46,000 iliyopita. Kampuni ya madini ya Rio Tinto ikapewa kibali 2013, chini ya sheria ya 1972. Mwaka uliofuata wataalamu wakachimba humo, wakatoa maelfu ya vitu, pamoja na nywele zilizosukwa miaka kama 4,000 iliyopita. DNA yake ikaonyesha uhusiano na wenyeji wa leo, Wapuutu Kunti Kurrama na Pinikura.

Ripoti kampuni ilikuwa nayo. Mei 2020 wakalipua. Na kibali kilikuwa halali! Sheria ile ilimpa mwenye ardhi au leseni ya madini nafasi ya kukata rufaa asiporidhika na uamuzi. Wenyeji je? Zii.

Kwa hivyo mimi ile ya "fungueni rekodi" hainitoshi. Juukan ilikosa mtu mwenye nguvu ya kusema hapana.

Sheria mpya ilianza Julai 1, 2023. Wakulima wakalalamika, hata wiki sita hazikuisha serikali ikatangaza inaifuta. Ile ya 1972 ikarudi, ila na marekebisho: wenyeji nao sasa wanaweza kupinga kibali mbele ya baraza la rufaa.