Sauti ya Mtu Mdogo: Wasawazishaji na Wachimbaji wa Uingereza, 1647–1650

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, wanachama watasoma habari za magunia yaliyopimwa, maghala yaliyojengwa na malipo yaliyogawanywa. Sisi tumeonelea vema kueleza habari za zamani zaidi, za nchi ya mbali, kwa sababu zinahusu jambo ambalo kila mwanachama analishika mkononi siku ya mkutano mkuu, yaani kura yake. Mwenye eka moja ana kura moja, na mwenye eka hamsini ana kura moja vilevile. Twaiona kanuni hiyo kuwa jambo la kawaida. Lakini walikuwako wakulima, mafundi na askari wa Uingereza, yapata miaka mia tatu na zaidi iliyopita, waliofungwa na hata kuuawa kwa kudai kwamba maskini naye ahesabiwe.

Mwaka wa 1642 vita vilianza Uingereza baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Wakulima walichukuliwa farasi wao na nafaka yao, kodi zikapanda, na kwa kuzidisha mashaka, mavuno ya miaka ya mwisho ya vita yalikuwa mabaya na bei ya mkate ikawa kubwa mno. Mwaka wa 1645 Bunge liliunda jeshi jipya, na katika muda usiotimia miaka miwili jeshi hilo likamshinda Mfalme. Askari wake wengi walikuwa watu wa kawaida: watoto wa wakulima, wafumaji wa nguo na washona viatu.

Vita vilipokwisha, Bunge likataka kulivunja jeshi hali mishahara ya miezi mingi haijalipwa. Hapo ndipo askari walipofanya jambo lisilopata kuonekana. Katika mwaka wa 1647 kila kikosi kilichagua wajumbe wake, na likaundwa Baraza la Jeshi ambamo kila kikosi kiliwakilishwa na maofisa wawili na askari wa kawaida wawili. Mwanachama anayefahamu jinsi chama cha msingi kinavyopeleka wajumbe katika Chama Kikuu atautambua utaratibu huo mara moja.

Tarehe 28 Oktoba 1647 Baraza hilo lilikutana katika kanisa la Putney, karibu na London, na Oliver Cromwell akiwa mwenyekiti. Mbele yao iliwekwa hati iliyoitwa Mapatano ya Watu. Hati hiyo ilitokana na fikira za kundi lililoitwa Levellers, yaani Wasawazishaji, ambalo viongozi wake waliojulikana sana ni John Lilburne, Richard Overton na William Walwyn. Jina hilo walipewa na adui zao, waliowasingizia kwamba walitaka kusawazisha mali za watu wote. Wenyewe walikana. Walichodai ni usawa mbele ya sheria, uhuru wa dini, na Bunge litakalochaguliwa na watu.

Ubishi mkubwa ulihusu kura. Kwa sheria ya tangu mwaka wa 1430, mtu wa mashambani hakuweza kumchagua mbunge ila awe na ardhi yake mwenyewe yenye kuleta pato la shilingi 40 kwa mwaka. Kanali Thomas Rainsborough alisimama akasema kwamba hata aliye maskini kuliko wote ana maisha yake ya kuishi sawa na tajiri, wala hafungwi na serikali ambayo hakuikubali kwa sauti yake. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, akamjibu kwamba ni mwenye mali isiyohamishika tu ndiye mwenye fungu la kudumu katika nchi. Wasio na mali wakipewa kura, nini kitawazuia wasiwanyang'anye wenye nacho? Askari wakauliza: ikiwa ni hivyo, sisi tuliomwaga damu tulipigania nini?

Maneno hayo tunayajua kwa sababu alikuwako karani, William Clarke, aliyeyaandika kwa mkono wa haraka. Kumbukumbu zake zilikaa kimya maktabani hata zikapigwa chapa mwaka wa 1891. Makatibu wa vyama vyetu wasidharau daftari la mikutano. Huenda likasema sisi tutakapokuwa tumenyamaza.

Majemadari hawakupendezwa. Tarehe 15 Novemba 1647, katika gwaride karibu na mji wa Ware, baadhi ya askari walikuja na Mapatano ya Watu yamechomekwa kofiani. Watatu wakahukumiwa kufa, wakaambiwa wapige kete, na aliyeshindwa, Richard Arnold, akapigwa risasi mbele ya wenziwe.

Mfalme alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na nchi ikatangazwa kuwa jamhuri. Lakini viongozi wa Wasawazishaji walijikuta gerezani kwa amri ya watawala wapya. Wanawake wa London walipopeleka barua ya kuwaombea, waliambiwa warudi nyumbani wakashughulikie kazi zao. Hata hivyo, tarehe 1 Mei 1649, kutoka gerezani, viongozi hao walitoa Mapatano mengine, nayo yana masharti ambayo maofisa wetu wa ushirika watanufaika kuyasoma. Wajumbe 400 wachaguliwe kila mwaka. Aliyekwisha kuwa mjumbe asichaguliwe tena katika Bunge linalofuata mara moja. Tena mtunza fedha za umma, au ofisa wa jeshi la kulipwa mshahara, asiwe mbunge maadamu anashika kazi hiyo, ili asiyeshika hesabu ndiye azikague. Katika jambo moja hati hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa, nao ni kwamba watumishi, maskini waliolishwa kwa sadaka, na wanawake wote hawakupewa kura. Mwezi huohuo askari wapatao 340 walioasi walitekwa Burford, wakafungiwa kanisani, na tarehe 17 Mei watatu wao wakauawa. Nguvu za Wasawazishaji zikaisha hapo.

Wakati huohuo watu wengine walikuwa wameshika jembe. Jumapili, tarehe 1 Aprili 1649, kikundi kidogo kilipanda kilima cha St George's Hill, katika wilaya ya Surrey, kikaanza kulima ardhi ya malisho na kupanda karoti, maharagwe na mboga za mizizi. Watu hao waliitwa Diggers, yaani Wachimbaji. Kiongozi wao, Gerrard Winstanley, alizaliwa Wigan mwaka wa 1609, akawa mfanya biashara ya nguo London, akafilisika mwaka wa 1643, akaenda kuchunga ng'ombe shamba. Alifundisha kwamba Mungu aliiumba dunia iwe hazina ya wote, na kwamba ardhi ya Uingereza iligawanywa kwa upanga tangu Wanormani walipoishinda nchi mwaka wa 1066. Sasa mfalme ameondolewa, basi wananchi warudishiwe ardhi. Hakutaka mashamba ya mtu yanyang'anywe. Alidai ardhi ya malisho na mapori tu. Wala hakukubali silaha itumike.

Alipoitwa na mwenzake William Everard mbele ya Jemadari Fairfax, walisimama na kofia zao kichwani, wakisema kwamba Jemadari ni kiumbe mwenzao. Fairfax aliwaacha waende zao. Waliowaangamiza ni majirani. Miche yao ilikanyagwa, watu wao wakapigwa, na mahakama ya Kingston ikawatoza fidia hata ng'ombe wakakamatwa. Wakahamia Cobham. Kufika Aprili 1650 walikuwa na eka kumi na moja za nafaka na nyumba sita au saba. Kasisi John Platt, aliyekuwa pia kabaila wa hapo, akaja na watu, nyumba zikatiwa moto, na kazi ya mwaka mzima ikawa majivu.

Twauliza, kwa nini walishindwa? Kwanza, hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Ardhi waliyoilima haikuwa yao mbele ya mahakama. Pili, hawakuwa na mtaji wa kuwafikisha kwenye mavuno, wakalazimika kufikiri kukata na kuuza miti ya kilimani, jambo lililowakasirisha makabaila. Tatu, na hili ndilo zito, wakulima wadogo wa jirani, waliotegemea kilima hicho kwa kuni na malisho, hawakushirikishwa mapema, wakaogopa kupoteza kidogo walichonacho. Hivyo maskini walisaidia kuwafukuza maskini wenziwao.

Winstanley aliandika kitabu mwaka wa 1652, akamwekea Cromwell mbele yake mpango wa nchi yenye maghala ya wote na viongozi wa kuchaguliwa kila mwaka. Hakujibiwa. Mwaka wa 1659 Mholanzi Peter Plockhoy alipiga chapa London shauri jingine, kwamba wakulima, mafundi, mabaharia na wataalamu waunganishe fedha zao, wawe na ghala moja, na anayetoka arudishiwe alichoweka. Mwaka wa 1663 aliongoza watu 41 kwenda Delaware, Marekani, lakini mwaka uliofuata majeshi ya Waingereza yakakiharibu kijiji chao.

Hatusemi kwamba waanzilishi 28 wa Rochdale, wafumaji na wenziwao, waliofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844, walijifunza kwa Winstanley. Maandishi yake yalikuwa yamesahauliwa, hata mwanachuoni Eduard Bernstein alipoyafufua mwaka wa 1895. Lakini watu wa Rochdale walijibu maswali yaleyale kwa njia iliyodumu: hisa ndogo ndogo, kura moja kwa kila mwanachama, na hesabu zilizo wazi. Kwa upande wa Bunge, wanaume wote wa Uingereza hawakupata kura mpaka mwaka wa 1918, na wanawake hawakulingana nao mpaka 1928.

Enyi wanachama, mali bila daftari hupotea bila habari, na kura isiyotumiwa ni sawa na kura iliyonyang'anywa. Katika mwongo wa pili wa Chama chetu, njooni mikutanoni, ulizeni hesabu, na mchague wajumbe bila hofu. Nanyi maofisa, mpokeeni anayeuliza kwa heshima, hata akiwa ameleta gunia moja tu.