Mrashi kabla ya chupa ya kupuliza

Mtabiri wa hali ya hewa anapotangaza mvua za rasharasha, anatumia neno la ukoo mmoja na marashi. Yote yametoka kwenye Kiarabu, rashsha, yaani kunyunyiza. Tukilifuata neno lenyewe basi, marashi ni matone kabla ya kuwa harufu. Chombo chake ni mrashi: tumbo la duara, shingo ndefu nyembamba, na juu kabisa kichwa chenye vitundu. Wa bibi yangu ulikuwa wa fedha, umeanza kuwa mweusi kwenye mikunjo ya nakshi. Haukumiminwa, ulitikiswa tu, na kila aliyeketi karibu akapata fungu lake. Vitundu vikiziba, alivizibua kwa pini ya mtandio.

Desturi hiyo pwani ni kongwe. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipelekwa kwa sultani, na kabla hajaonana naye aliletewa tambuu na popoo. Kisha yeye na kadhi wakamwagiwa marashi mawaridi ya kutoka Damascus. Fikiria safari ya maji yale: yamevuka jangwa na bahari, yakaishia kwenye nguo za msafiri.

Biashara yake ilikuwa kubwa tangu zamani. Mwanahistoria Ibn Khaldun ameandika kwamba zama za khalifa al-Ma'mun, karne ya 9, jimbo la Fars huko Uajemi lilipeleka chupa 30,000 za maji ya waridi katika hazina ya Baghdad kila mwaka, kama kodi. Katika karne hiyo hiyo al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad, alitunga kitabu kizima juu ya manukato na ukenekaji.

Namna ya kukeneka, ukitaka kuiona, iko Jebel Akhdar, Oman, kwenye milima yenye kimo cha mita 2,000 hivi. Mawaridi huchumwa alfajiri, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, kabla jua halijayanyausha. Petali hutiwa ndani ya chungu cha udongo kilichokaa kwenye tanuri, na ndani yake huwekwa chombo kidogo cha shaba. Mdomo wa chungu hufunikwa kwa sufuria ya shaba iliyojaa maji baridi. Mvuke ukipanda hukutana na kitako kile cha baridi, ukageuka matone, matone yakadondokea kwenye chombo kidogo. Ni jambo analolijua kila aliyewahi kufunua sufuria ya wali. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya kahawia na harufu ya moshi, kwa hiyo huachwa wiki kadhaa yatulie.

Bibi hakuwa na tanuri wala mawaridi. Marashi mawaridi aliyanunua, akayawekea maulidi, watu wanaposimama kwa kiyamu, na kumtayarisha maiti. Ya kila siku aliyatengeneza mwenyewe: asumini za uani, zilizochumwa magharibi zikiwa bado matumba meupe, akaziloweka usiku kucha kwenye bakuli la maji. Asubuhi alizichuja, akanyunyizia shuka kwa vidole kabla ya kupiga pasi ya mkaa. Moto ulipogusa unyevu ule, chumba kizima kilinukia. Maji yaliyobaki aliyamwagia mti. Hayakungoja kesho kutwa, kwa sababu maji matupu yenye maua huchacha.

Ndiyo maana Ulaya walikwenda njia ya spiriti. Maji ya Cologne, aliyoyabuni Johann Maria Farina mwanzoni mwa karne ya 18, ni maji kwa jina tu. Spiriti haiozi. Nayo pampu ya kupulizia, tunayoidhania ya urembo tangu mwanzo, ilianzia kwenye koo la mgonjwa: miaka ya 1880 daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alitengeneza chombo cha kupulizia dawa kooni. Mwanawe ndiye aliyekihamishia kwenye manukato.

Siku hizi chupa ya plastiki yenye pampu inapatikana duka lolote, na wengi wamerudi kutengeneza marashi yao wenyewe. Nami nilijaribu. Nilijaza maji, nikadondoshea mafuta ya karafuu, nikaupulizia mto mweupe wa bibi. Yakatoka madoa ya manjano, makubwa kama sarafu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Yalikuwa yamezama chini kabisa, pale pale mrija wa pampu unapofyonzea, na mto ukala mafuta matupu. Ngozi ingeungua.

Bibi aliugeuza mto upande wa pili, akaniuliza kama chupa niliitikisa.