Kiko na sigara ya kielektroniki (Maniema ya Kusini)

Kiko ni chombo cha kuvutia tumbaku (pia: tumbako) kwa moto wa kaa, moshi ukipitia majini. Sigara ya kielektroniki ni chombo kinachogeuza kimiminika chenye nikotini kuwa mvuke kwa nguvu ya betri. Makala hii inavilinganisha kwa matumizi ya kila siku katika teritware za Kasongo na Kabambare, mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa umbo, vyombo hivi ni ndugu: kila kimoja kina mahali pa joto, chombo cha kushika maji au kimiminika, na mdomo wa kuvutia. Kinachovitenga ni mahitaji ya kesho yake. Kiko kinataka kaa na maji. Mwenzake anataka umeme, kimiminika na vipuri.

Historia

Tumbaku ni mmea wa Amerika, ulioletwa Afrika kwa biashara ya baharini baada ya Wareno kufungua njia zao. Katika karne ya 19, Kabambare na Kasongo zilikuwa vituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuishia Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Mpelelezi David Livingstone alifika Kabambare, aliyoiandika Bambarre, mnamo Septemba 1869, na vidonda vya miguu vikamweka huko kwa miezi mingi hadi mwanzo wa 1871. Mfanyabiashara Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliifanya Kasongo makao yake makuu katika miaka ya 1870. Kasongo ilitekwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo Aprili 1893, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Kiswahili cha misafara kilibaki, kikawa lugha ya soko na ya nyumbani.

Kuvuta moshi hakukuwa njia pekee ya kutumia tumbaku kwenye njia hiyo. Mpelelezi Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858, alieleza jinsi wakazi wa huko walivyoloweka tumbaku, wakatia maji yake puani, kisha wakabana pua kwa vidole au kwa kibanio kidogo cha chuma ili yasitoke upesi. Nikotini bila moshi, inayosifiwa leo kuwa uvumbuzi wa viwandani, ilikuwa desturi ya kandokando ya ziwa zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Sehemu za kiko

Mmisionari Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, alirekodi majina ya sehemu za kiko. Bori ni kikombe kinachobeba tumbaku na kaa. Digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini. Kiko chenyewe, kwa maana finyu, ni chombo cha maji. Shilamu ni mrija wa kwenda mdomoni. Mlio wa maji yanapovutwa huitwa malio ya kiko.

Pwani, kifuu cha nazi kilifaa kuwa chombo cha maji. Jina la nargili, ndugu wa kiko, lenyewe linatokana na neno la Kiajemi la nazi. Katika bara, ambako minazi ni haba, kibuyu kilishika nafasi hiyo. Chombo cha namna hii hutengenezwa kwa vitu vya kijijini: udongo, mwanzi na kibuyu. Kikipasuka, hutengenezwa kingine.

Sigara ya kielektroniki na aina zake

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa na Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Ndani yake mna betri, koili ya waya iliyozungushiwa pamba, na kimiminika cha propilini glikoli, gliserini, ladha na, mara nyingi, nikotini. Mvutaji akivuta, koili hupata moto na kimiminika hugeuka mvuke. Koili ni bori yake na tangi ni kiko chake, ila kuna tofauti kubwa: katika kiko maji hubaki chomboni, lakini hapa kimiminika chenyewe ndicho huingia mapafuni.

Aina kuu ni nne. Ya kutupa huja ikiwa imejazwa, na ikiisha hutupwa pamoja na betri yake. Ya kichupa huchajiwa, na kichupa cha kimiminika hubadilishwa. Ya tangi hujazwa kwa mkono na kubadilishwa koili. Aina ya nne hupasha tumbaku halisi bila kuiwasha. Hii si sigara ya kielektroniki kwa maana kamili, kwa kuwa jani lenyewe limo ndani.

Ulinganisho wa matumizi

Nishati. Kusini mwa Maniema, paneli za jua na jenereta ndizo tegemeo la watu wengi wanaopata umeme. Kifaa cha kuchajiwa kinaweza kutumia chaja ya simu, hivyo paneli ndogo inatosha, lakini kitagombea nafasi na simu na taa. Ya kutupa aghalabu haihitaji chaja, nayo ndiyo isiyodumu kuliko zote. Kaa la kiko hutoka jikoni.

Kimiminika na vipuri. Ya tangi ina gharama ndogo kwa muda mrefu pale tu koili na chupa za kimiminika zinapopatikana bila kukatika. Kichupa kinabana zaidi, kwa sababu aghalabu cha kampuni moja hakiingii kwenye kifaa cha nyingine. Mahali ambapo mzigo hucheleweshwa na mvua na barabara mbovu, kifaa kisicho na kipuri ni chuma tu.

Kipimo. Mvutaji wa kiko hujua kwa malio kama maji yametosha. Mvutaji wa sigara ya kielektroniki hutegemea taa na maandishi ya kiwanda. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita. Bidhaa isiyo na lebo ya kuaminika haimwambii mtumiaji anavuta kiasi gani.

Afya

Imani kwamba maji ya kiko husafisha moshi si sahihi. Hupoza moshi, ukavutika kwa wepesi na kwa kina zaidi, lakini sumu nyingi hupita. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba kikao kimoja cha shisha, yaani kiko cha kisasa, kinaweza kumwingizia mvutaji moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi. Kaa nalo hutoa monoksidi ya kaboni.

Mvuke wa sigara ya kielektroniki hauna lami ya moshi, na sumu nyingi zimo kwa kiasi kidogo kuliko katika moshi wa sigara. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane yameonyesha kuwa sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia baadhi ya wavutaji wazima kuacha sigara. Hata hivyo hazifai kwa asiyevuta: nikotini hujenga uraibu haraka, hasa kwa vijana, na kimiminika chake ni sumu kwa mtoto akikinywa. Huko Marekani, watu 68 walikuwa wamefariki kufikia Februari 2020 kutokana na maradhi ya mapafu yaliyohusishwa zaidi na vimiminika vya bangi vilivyochanganywa na asetati ya vitamini E.

Sheria

Kongo iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2005, na sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ina vifungu kuhusu tumbaku. Majirani wamekaza zaidi: Uganda ilipiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki kwa sheria ya 2015, na Rwanda ilipiga marufuku shisha mwaka 2017. Ubelgiji, mtawala wa zamani wa Kongo, imezuia uuzaji wa sigara za kielektroniki za kutupa tangu 1 Januari 2025.

Madini na taka

Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, nje ya Maniema upande wa kusini. Kobalti hutumika katika betri nyingi za lithiamu za vifaa vidogo. Bati, ambalo mawe yake huchimbwa Kalima, kaskazini ya Kasongo, hulehemu saketi za elektroniki. Betri ya sigara ya kutupa haifai kuchomwa wala kutupwa shimoni, kwani inaweza kuwaka na metali zake huchafua udongo. Kiko kilichovunjika huacha vigae na kipande cha kibuyu.