Mguu wa Kuzindulia

Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka usiku, tena hayana saa. Yanaweza kuja saa saba, yanaweza kuja saa kumi alfajiri, na asiyeamka kufungua koki ya tangi ameyakosa hadi wiki ijayo. Nikatengeneza kidude: boya dogo lenye swichi ndani ya ndoo chini ya bomba, mikrokontrola moja, kengele, na betri mbili kama zile za saa ya ukutani. Maji yakija boya linainuka, kengele inalia, naamka. Kwa wiki nzima hiyo ni kazi ya dakika chache. Muda wote uliobaki kidude hakina la kufanya ila kukaa, na jinsi kinavyokaa ndiyo iliyonifikisha kwenye suala la maneno.

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyoshindiliwa ndani ya chipu moja: kichakataji, kumbukumbu, na miguu ya kuunganishia waya. Yangu ni STM32F103 ya kampuni ya STMicroelectronics, ya ukoo ulioingia sokoni mwaka 2007. Huuzwa ikiwa juu ya kibao cha buluu ambacho wapenzi wa elektroniki hukiita Blue Pill. Ikikimbia kwa kasi yake yote ya megahezi 72, hunyonya miliampea 30 na zaidi. Betri zangu zina kama miliampea-saa 2,000. Gawanya: hata siku tatu hazifiki. Ikiingizwa katika hali yake ya chini kabisa, unyonyaji hushuka hadi kama maikroampea 2, na hesabu ileile inatoa saa milioni moja, yaani zaidi ya miaka 110. Betri itakufa kwa uzee wake kabla chipu haijaimaliza.

Kitabu cha chipu hii kinataja hali tatu za kubana umeme: Sleep, Stop na Standby. Hiyo ya tatu ndiyo ya maikroampea 2, na ndiyo inayotusumbua. Stendibai tumeizoea kwenye televisheni: kioo cheusi, taa nyekundu inawaka, inangoja rimoti. Kwa hiyo anayetafsiri haraka ataandika “hali ya kusubiri” au “hali ya utayari”, na hakuna atakayemlaumu. Mimi nilitumia “kusubiri” kwa miezi kadhaa, nikaibandika hata kwenye daftari langu la michoro.

Ikanidanganya. Programu yangu ilikuwa na kihesabio: kila maji yanapokuja kiongeze moja, kisha taa imwekemweke kwa idadi hiyo, ili mwisho wa mwezi nijue maji yametoka mara ngapi. Mara ya kwanza taa ikamweka mara moja. Mara ya pili, mara moja. Mara ya tatu, moja tena. Nikashuku lehemu, nikabadilisha betri, nikalaumu boya la watu. Jibu lilikuwa kwenye kitabu muda wote: katika hali hiyo chipu hukata umeme wa volti 1.8 unaolisha kichakataji na kumbukumbu. Kilobaiti zote 20 zinafutika. Anayesubiri hukumbuka anachosubiri. Chipu yangu haikuwa na kumbukumbu hata ya jina lake.

Tuanze upya basi, kwa maneno yetu wenyewe, kwa sababu usingizi tunao wa ngazi nyingi. Katika Sleep kichakataji kinatulia lakini saa za ndani zinaendelea kugonga na kila kitu kiko mahali pake. Huko ni kusinzia. Ukigusa tu, kinaendelea na sentensi kilipoiachia. Katika Stop saa zinasimama, ila kumbukumbu inabaki. Huo ni usingizi wa pono, samaki anayesifika kwa kulala. Pono akiamshwa bado ni pono yuleyule, na mguu wowote wa chipu uliopewa kazi hiyo unaweza kumwamsha. Standby haimo kabisa katika familia ya kulala. Huko ni kuzimia.

Na tazama neno lenyewe lilivyo. Taa tunaizima, mtu anazimia: mzizi ni mmoja. Mwenye kuzimia hajafa, wala hakulala. Amezimwa karibu kila kitu, kikabaki kitu kidogo sana ndani yake kinachoweza kumrudisha. Ndivyo chipu ilivyo. Eneo kubwa lote giza, na kwenye kona moja imebaki saketi ndogo yenye umeme, inasikiliza mambo machache tu: mguu mmoja maalumu, kengele ya saa ya ndani kama umeitega, mguu wa kuanzishia upya, na mlinzi wa ndani (watchdog) kama ulimwacha kazini. Miguu mingine yote inaning’inia, haivuti juu wala chini. Aliyeunganisha relei kwenye mguu mmojawapo bila rezista ya kuutuliza ataona relei ikijichezea, na hatajua kwa nini.

Mtu akizimia kisha akarudiwa na fahamu hatusemi ameamka. Amezinduka. Swali lake la kwanza ni “niko wapi?”, na hilo ndilo swali la kwanza la chipu pia. Haiendelei ilipoachia, huanza programu kutoka mstari wa kwanza, kama iliyowashwa sasa hivi. Ili ijue kama imewashwa au imezinduliwa, programu inapaswa kuchungulia alama mbili zinazoitwa bendera. Moja, SBF, husema: ulikuwa umezimia. Nyingine, WUF, husema: kuna kilichokuzindua. Hiyo ya pili lazima uishushe kabla ya kuizimisha chipu tena. Nilipoisahau, chipu ilikataa kabisa kuzimia, na betri zikaisha.

Je, hesabu ya maji niiweke wapi? Kuna visanduku 10 vya biti 16 kila kimoja, jumla baiti 20, ambavyo havifutiki kwa kuzimia. Mama akianguka sokoni kapu litamwagika, viatu vitatoka, ila hela aliyoifunga kwenye pindo la kanga utaikuta. Visanduku hivi ni fundo hilo. Siku hizi hesabu yangu inalala humo, na taa humweka mara inazopaswa.

Sasa mguu wenyewe. Wengi huandika “pini”. Silikatai neno, lakini dukani ukitaja pini watu hufikiria chaja ya pini ndogo, na nyumbani pini ni ya nywele au ya pua. Fundi wa redio aliyenifundisha kushika pasi ya kulehemu alisema “mguu”, na alihesabu miguu ya chipu kuanzia kwenye kidoti kama mtu anayehesabu miguu ya jongoo. Nimebaki na mguu. Kwenye kibao cha buluu mguu unaohusika umeandikwa A0. Ukishaupa kazi hii, chipu yenyewe huushikilia chini. Kinachozindua ni kupanda kwake, kutoka sifuri kwenda volti tatu. Ukiwa umeshapanda wakati unaupa kazi, nako kutahesabiwa kuwa ni kuzinduliwa, kwa hiyo usijaribu kuizimisha chipu ndoo ikiwa bado imejaa.

Jina kamili basi? Si “mguu wa kuzinduka”, maana mguu hauzinduki. Si “mguu wa kuzindua” pia, ingawa unaeleweka. Kiswahili kina njia yake kwa vitu vya kutendea kazi: kisu cha kukatia, maji ya kunawia, ufunguo wa kufungulia. Huu ni mguu wa kuzindulia. Kiambishi hicho kidogo cha kutendea kinabeba maelezo ambayo bila hicho yangehitaji maneno zaidi.

Najua pingamizi. Siku hizi kuzindua ni kwa mawaziri: kuzindua barabara, kuzindua kitabu, kukata utepe. Mwanafunzi akisoma “chipu imezinduliwa” atafikiri kuna hotuba. Hata hivyo maana ya kumrudishia mtu fahamu haijatoka katika lugha. Kila msiba mkubwa utaisikia. Wapo wanaopendekeza “kugutusha”, nao wana hoja, kwa sababu ya ule mshtuko wa volti kupanda, ila anayegutuka alikuwa amelala tu, na kumbukumbu zake anazo. Hilo neno tumwekee pono.

Kuna jambo moja la kupima kabla hujaniamini. Nilipoingiza mita kati ya betri na kibao mara ya kwanza, ilisoma miliampea kadhaa, nikadhani chipu imegoma. Mla umeme alikuwa taa ndogo ya kwenye kibao, inayowaka muda wote kuonyesha kwamba umeme upo. Niliing’oa kwa pasi, sindano ikashuka hadi kwenye maikroampea. Ukitaka kujua chipu yako inakula nini, anza na taa hiyo.

Katika daftari nimeifuta “hali ya kusubiri” na kuandika “kuzimia”; kando ya A0 nimeandika “mguu wa kuzindulia”. Kama mezani kwenu mnatumia neno bora zaidi, litumeni tulilinganishe. Kwangu mimi, mtu aliyezimia humwagiwa maji, na kidude changu kinazinduliwa na hayohayo.