Faragha, ridhaa, huria: msamiati wa kuchagua teknolojia ya kila siku

Maneno siri, faragha, ruhusa, ridhaa, bure, huria na udhibiti hukutana kila siku kwenye kioo cha simu: katika vitufe, katika masharti ya matumizi na katika matangazo ya programu. Mengi kati yake yalikuwa na maana timilifu katika Kiswahili kabla ya kompyuta kuwapo, lakini katika tafsiri za kiteknolojia huchanganywa kana kwamba moja linaweza kukaa mahali pa jingine. Mchanganyo huo una gharama. Mtu huchagua programu kwa kufuata maneno aliyowekewa mbele: akisoma “ya bure” haulizi analipa nini, na akiombwa “ruhusa” huenda asitambue kwamba alistahili kuombwa ridhaa. Makala hii inatofautisha maneno hayo na kupendekeza matumizi yake.

1. Siri na faragha

Siri ni jambo linalofichwa. Faragha ni hali au mahali ambapo mtu hayuko machoni pa wengine. Neno hili linatokana na Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu utupu na nafasi iliyo wazi. Maana hiyo bado inasikika katika semi kama *kuzungumza faragha* na *kwenda faragha*.

Siri hukaa katika habari yenyewe, ilhali faragha hukaa katika uhusiano baina ya mtu na wanaomzunguka. Anayefunga mlango wa bafu hana siri yoyote. Kila mtu anajua anachokifanya. Anachokihitaji ni faragha. Kwa sababu hiyo, hoja ya kwamba “asiye na cha kuficha hana cha kuogopa” inajibu swali la siri na kuliacha la faragha bila jibu.

Sheria imefuata tofauti hii. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inahusu haki ya faragha na usalama wa mtu, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Hakuna kati ya hizo inayomtaka mwananchi kwanza athibitishe kwamba ana siri.

Matumizi: *sera ya faragha*, si *sera ya siri*. Maneno *mipangilio ya siri* humfanya msomaji adhani kuna mipangilio iliyofichwa. Sahihi ni *mipangilio ya faragha*. Siri libaki mahali pake halisi: *nenosiri* ni neno ambalo kwa hakika linapaswa kufichwa.

2. Ruhusa, idhini na ridhaa

Ruhusa ni nafasi ya kufanya jambo, inayotolewa na mwenye mamlaka. Mwanafunzi huomba ruhusa kwa mwalimu, na mfanyakazi kwa mkuu wake. Idhini ni ruhusa iliyo rasmi zaidi, mara nyingi kwa maandishi: *idhini ya mahakama*, *idhini ya bodi*. Ridhaa ni kukubali kunakotoka moyoni. Neno hili ni ndugu wa *ridhia*, *ridhika* na *maridhiano*, na wasemaji wengi hulifahamu kutoka katika ndoa, ambapo ridhaa ya bibi arusi huulizwa.

Mtu anaweza kutoa ruhusa bila kuwa na ridhaa. Anayebonyeza *Ruhusu* kwa kuwa programu imegoma kufunguka ametoa ruhusa, lakini hajaridhia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahsusi kwa jambo moja, na ya mtu aliyeelezwa anachokikubali. Aidha, mwenye data anaweza kuiondoa ridhaa hiyo. Kitufe kimoja kinachofunika mambo kumi kwa pamoja hakifikii kipimo hicho, hata kikiandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Desturi ya hodi inalifafanua jambo hili vizuri. Mgeni hubisha hodi na kusubiri. Akijibiwa *karibu*, huingia ukumbini, na jibu hilo halimpi haki ya kufungua kabati la chumbani. Akirudi kesho, hubisha tena. Programu iliyoruhusiwa kusoma orodha ya majina ya simu aghalabu hubisha hodi mara moja tu, siku ya kusakinishwa, kisha huingia na kutoka hadi mwenye simu atakapokumbuka kuifungia mlango.

Nchini Kenya, baadhi ya programu za mikopo zilizisoma orodha hizo na kuwapigia simu ndugu, marafiki na waajiri wa wakopaji waliochelewa kulipa. Mkopaji alikuwa amebonyeza *Ruhusu*. Ndugu zake hawakuulizwa chochote. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2021 ili kuwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya usimamizi, na kanuni za mwaka 2022 zikakataza matumizi hayo ya orodha za wateja. Mwaka 2023 Google nayo ilizizuia programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha za simu. Kwa hiyo orodha ya majina si mali ya mwenye simu peke yake. Kwa sehemu kubwa ni amana, yaani kitu alichokabidhiwa na wengine akitunze.

Matumizi: tumia *ruhusa* kwa uwezo ambao programu inapewa katika kifaa (*ruhusa ya kamera, ya maikrofoni, ya mahali*). Tumia *ridhaa* pale ambapo sheria au maadili yanadai hiari ya mtu (*ridhaa ya kuchakata taarifa binafsi*). Epuka *idhini* katika vitufe vya kawaida, kwa kuwa humfanya mtumiaji aonekane ofisa anayepitisha ombi, ilhali yeye ndiye anayechukuliwa kitu.

3. Bure, huru na huria

Bure lina maana tatu zinazogusana: bila malipo (*alipewa kitabu bure*), bila mafanikio (*amehangaika bure*) na bila thamani (*mtu bure*). Huru ni asiye chini ya mwingine (*nchi huru*, *tume huru*). Huria ni kilicho wazi kwa watu bila vizuizi vya kawaida (*soko huria*).

Hapa Kiswahili kina bahati. Kiingereza hutumia neno moja kwa “bila malipo” na kwa “enye uhuru”. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983 na kuanzisha taasisi ya kutetea programu za aina hiyo mwaka 1985, amelazimika kueleza tena na tena kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji maelezo hayo. Hakuna anayedhani kwamba katika soko huria bidhaa hugawiwa bure, wala kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hawalipi ada.

Bahati hiyo hupotea pale mfasiri anapoandika *programu ya bure* kwa kila kitu kisicholipiwa fedha. Programu inaweza kuwa bure bila kuwa huria: haina bei, lakini hakuna aliye nje ya kampuni anayeweza kuchunguza inachokifanya, na gharama yake hulipwa kwa taarifa za mtumiaji zinazowavutia watangazaji. Inaweza pia kuwa huria na ikauzwa. Programu huria humpa mtumiaji haki nne: kuiendesha kwa lengo lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kuwapa wengine nakala zake, na kuwapa wengine nakala alizozibadilisha. Firefox, LibreOffice na VLC ni mifano inayofahamika.

Haki ya kubadilisha ina historia ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi. Watafsiri hawakulazimika kungoja kampuni iamue kama Kiswahili kina soko. Leseni ilikwisha kuwapa haki ya kuifanya kazi hiyo.

Matumizi: *programu huria* ndiyo istilahi inayopendekezwa. *Programu huru* si kosa, lakini kwa mfano wa *tume huru* inaweza kueleweka kuwa programu inayojitegemea. *Programu ya bure* ibaki kwa maana ya bei tu, na pale sentensi inapohitaji yote mawili iandikwe hivyo: *programu huria isiyo na malipo*.

4. Udhibiti wa mtumiaji

Kirai *udhibiti wa mtumiaji* husomeka kwa njia mbili, kwa kuwa kihusishi *-a* hakisemi nani mtenda na nani mtendwa. Chaweza kuwa udhibiti anaoufanya mtumiaji. Chaweza pia kuwa udhibiti anaofanyiwa, kama ilivyo katika *udhibiti wa wadudu*. Katika matumizi ya kila siku maana ya pili ndiyo yenye nguvu, kwani *dhibiti* huambatana na kuzuia: *kudhibiti magendo*, *kudhibiti maradhi*. Msomaji anayekutana na ahadi ya “udhibiti wa mtumiaji” katika maelezo ya simu ana haki ya kuuliza nani anamdhibiti nani.

Utata huo wa lugha unalingana na utata wa vifaa vyenyewe. Simu zipo zinazouzwa zikiwa na programu ambazo mnunuzi hawezi kuziondoa, bali kuzizima tu. Mnunuzi ni mmiliki wa kifaa, lakini kwa upande wa programu ni mtu aliyekubali masharti ya leseni. Ana hali kama ya mpangaji katika nyumba ambayo ameilipia.

Matumizi: andika *mamlaka ya mtumiaji juu ya kifaa chake*, au tumia kitenzi: *mtumiaji mwenyewe ndiye anayeamua*. Tofautisha pia *kuzima*, *kuondoa* na *kufuta*. Programu iliyozimwa bado imo. Iliyoondoolewa haimo tena katika simu, lakini akaunti na taarifa zinaweza kubaki katika seva. Kufuta akaunti ni hatua ya tatu, na aghalabu ina kitufe chake.

5. Taarifa, data, na kilicho nje ya bahasha

Tanzania hutumia *taarifa binafsi*, kama katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya hutumia zaidi *data*. Mfasiri afuate nchi ya wasomaji wake, na asibadilishane istilahi hizo ndani ya matini moja.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni kati ya maudhui ya ujumbe na maelezo yanayouzunguka. Usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho hufanya ujumbe usomwe na mtumaji na mpokeaji tu. Ni kama barua ndani ya bahasha iliyogundishwa: posta haioni barua, ila inaona nani amemwandikia nani, lini, na mara ngapi. WhatsApp ilikamilisha usimbaji huo mwaka 2016, lakini maelezo ya nje ya bahasha hayafunikwi nao. Mwaka huohuo Signal, programu huria, ilipodaiwa taarifa kwa amri ya kisheria nchini Marekani, ilikuwa na mambo mawili tu ya kutoa kuhusu akaunti husika: wakati ilipofunguliwa na wakati ilipounganishwa mara ya mwisho. Hata hivyo, Signal nayo humtaka mtumiaji ajisajili kwa namba ya simu. Sentensi *ujumbe wako ni salama* haitoshi. Iseme ni sehemu gani ya ujumbe, na ni salama dhidi ya nani.

6. Maneno kama maswali

Yakitumiwa kwa maana zake, maneno haya yanakuwa maswali ya kuuliza kabla ya kusakinisha programu yoyote:

- *Bure au huria?* Kama ni bure tu, nani analipia, na kwa nini?
- *Ruhusa au ridhaa?* Je, programu ya tochi inayoomba orodha ya majina itaendelea kufanya kazi ikikataliwa?
- *Siri au faragha?* Je, inalinda maudhui tu, au pia maelezo ya nani anazungumza na nani?
- *Yangu au amana?* Je, kinachotolewa ni changu, au nimekabidhiwa na wengine?
- *Mamlaka ya nani?* Je, taarifa zinaweza kuhamishwa na akaunti kufutwa na mtumiaji mwenyewe?

Majibu hayatamwongoza kila mtu kwenye chaguo moja. Mwalimu ambaye wazazi wote wa darasa lake wako katika WhatsApp hatahamia kwingine peke yake, kwa kuwa programu ya mawasiliano ina manufaa pale tu wengine walipo. Anaweza, hata hivyo, kuikatalia ruhusa isizozihitaji, kuweka kumbukumbu za shule mahali pengine, na kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini kitufe kilichoandikwa *Kubali* hakijawauliza kama wameridhia.